Vyuma vya mashini yetu ya kusaga: tukomande mapema



Siku ya Posho iliyopita, katika mkutano wetu, mama mmoja wa Katuba alisimama akauliza: "Mashini inasaga vizuri, unga unatoka laini. Kwa nini basi munatoa pesa ya nyundo mpya mwezi huu wa pili, wakati watoto wanadaiwa pesa ya masomo?" Wengine walipiga makofi. Saa ilikuwa imekwisha, na Mama Prezida akaahidi kwamba jibu litatoka katika gazeti letu. Ndilo hili. Tunaliandika kwa urefu kidogo, maana kuna wamama wengi ambao wameingia katika umoja baada ya mambo ya mwaka uliopita, na hawakuona tulivyohangaika.

Kwanza tukumbushane jinsi mashini ilivyo. Ndani ya tumbo lake kuna chuma kirefu kinachozunguka, mafundi wanakiita mti. Juu ya mti kuna pini nne, na kila pini imeshika nyundo sita. Jumla ni nyundo 24. Nyundo yetu si ya msumari: ni kipande cha chuma bapa, urefu milimita 150, upana 40, unene 6, chenye tundu kila upande. Mti unazunguka karibu mara 3000 kwa dakika, nyundo zinapiga mahindi mpaka yanapita katika chekeche. Kila punje inakula chuma kidogo sana. Pembe ya nyundo inakuwa ya mviringo, kisha unga unatoka wenye chenga, mazuti inaisha upesi, na mteja anabeba ndoo yake kwa jirani.

Kwa sababu nyundo ina pembe nne, tunaigeuza mara tatu mbele ya kuitupa. Wengine kati yetu hawakujua hilo, na zamani tulitupa nyundo zilizokuwa na pembe tatu nzima. Tusiseme ni nani.

Sasa tufike mwezi wa tano wa mwaka uliopita. Mahindi mapya yalikuwa yameingia, foleni ya ndoo ilifika barabarani. Nyundo zilikuwa kwenye pembe ya mwisho, na kabatini hapakuwa na hata moja. Tuliona, tukasema: juma hili lipite kwanza. Siku ya tatu nyundo moja ikavunjika. Kipande kilipasua chekeche na vipande vidogo vikaingia katika unga wa mteja. Tulishukuru Mungu kwamba mama aliyekuwa anashika gunia alisikia mlio na kuzima mashini. Unga ule tuliutupa, tukamlipa mwenyewe mahindi yake.

Tukakimbia kwenye atelie moja ya hapa mjini. Walisema siku tatu. Tuliwaachia nyundo moja ya zamani kama mfano, tukatoa pesa yote, maana walituona tunatoka jasho na bei ikapanda palepale. Siku ya tatu tukaambiwa kuna kazi ya kampuni ya machimbo, tungoje. Siku ya sita, umeme ulikatika. Siku ya nane tulipata nyundo 24, tukazifunga, tukawasha. Mashini ilitetemeka mpaka saruji ya chini ikapasuka. Kumbe walikuwa wamefuata mfano wetu bila kubadili kitu, na mfano ule ulikuwa umechakaa: tundu lake, ambalo pini ya milimita 16 inapita, lilikuwa limepanuka mpaka 18 na halikuwa duara tena. Nyundo zote zilikuwa zinacheza juu ya pini. Tena hazikuwa na uzito sawa. Kufika jioni rulema moja ikafa. Tulifungua tena mlango wa mashini siku ya kumi na mbili.

Siku kumi na moja katikati ya mavuno. Ni mwezi uleule ambapo umoja unagawa faida, na wamama wenye watoto wa darasa la mwisho la sekondari walikuwa wanaingoja kwa ajili ya pesa ya mtihani wa Serikali. Wawili walikopa pesa yenye faida kubwa. Wateja wengine hawakurudi mpaka leo. Ndiyo sababu, mama wa Katuba, tunatoa pesa mwezi wa pili.

Baada ya hasara ile tulitafuta mtu wa kutuelimisha. Lubumbashi haikosi mafundi wa chuma: mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na karakana za machimbo na za reli zilifundisha kukereza chuma kwa vizazi vingi. Tulimpata papa mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi mbele ya kupata pansheni, sasa ana atelie ndogo nyumbani kwake na vijana wawili. Tulimweleza shida yetu. Alicheka kidogo, akasema: "Mama, nyinyi munakuja kwetu kama watu wanaopeleka mgonjwa hospitali usiku. Lakini nyundo haikuugua ghafula. Mulijua tangu siku muliyoifunga kwamba itaisha."

Hatukupenda neno hilo, lakini ni kweli. Chumvi ikiisha jikoni hatusemi ni ajali.

Kisha akatuonyesha kwa nini yeye mwenyewe anapenda mteja anayekuja mapema. Alichukua pete, zile pete ndogo zinazotenganisha nyundo juu ya pini, ambazo anazikereza kwenye mashini yake. Kufunga chuma, kuweka kisu, kupima, kujaribu pete ya kwanza na kuitupa, hiyo inamla asubuhi nzima. Kisha kila pete inamchukua dakika chache tu. Mteja akitaka pete 4, analipia asubuhi nzima juu ya pete 4. Akitaka 80, asubuhi ni ileile, imegawanyika kwa 80. Nyundo nazo ni hivyo: anatengeneza kiolezo cha chuma chenye matundu mawili, anafunga nyundo chini yake na kutoboa moja baada ya ingine bila kupima tena. Kiolezo kikishakuwapo, kila komande inayofuata inakuwa nyepesi, na matundu yote yanafanana.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Vyuma vingi vinavyouzwa hapa vinapitia Kasumbalesa, na wote tunajua foleni za malori za kule. Vinavyotoka Afrika Kusini vina taabu yao ya mwisho wa mwaka: viwanda vingi vya kule vinafunga katikati ya mwezi wa kumi na mbili, vinafungua mwezi wa kwanza. Kwetu mvua nayo inakuwa imeshika barabara. Fundi anayetafuta chuma mwezi wa kwanza anaokota kilichobaki dukani, hata kama si kile ulichotaka. Hapo ndipo mutu anakata nyundo kwa springi za gari la zamani. Papa hakusema springi ni mbaya. Chuma chake ni kigumu na kinadumu. Alisema ubaya ni kubadilisha bila kumwambia mteja. Chuma laini kinaisha upesi, lakini chuma kigumu kupita kiasi hakipindi, kinavunjika, na tayari tumeona kipande kilichovunjika kinaenda wapi. Katika karatasi yetu ya komande sasa tunaandika aina ya chuma, na ikibidi kubadilisha, fundi anatuita kwanza.

Jambo la tatu, lile lililotuumiza zaidi, ni kwamba kazi ya kampuni kubwa inapita mbele ya kazi ya wamama wenye mashini moja. Hatumlaumu fundi, naye ana watoto. Lakini alituambia hivi: mteja mdogo anayekuja mbio, namweka nyuma, mteja mdogo ambaye nimeandika tarehe zake katika kalenda ya mwaka mzima, namfanyia kazi siku ambazo mashini yangu imelala. Siku kama hizo ziko, hata kwa fundi mwenye kazi nyingi. Anazihitaji kazi za kuzijaza.

Basi tukakaa na kaye. Mama anayepokea pesa mlangoni alikuwa tayari anaandika magunia ya kila siku. Hatukuwa tumefikiri kwamba kaye ile ina jibu. Tulihesabu tangu siku tuliyofunga nyundo nzuri mpaka pembe ya nne ilipokwisha: karibu magunia 400. Wakati wa mavuno, tangu mwezi wa ine mpaka wa nane, tunasaga kama magunia 100 kwa juma. Miezi mingine kama 40. Seti moja ya nyundo 24, basi, inadumu majuma manne wakati wa mavuno, na majuma kumi wakati mwingine. Ukijumlisha mwaka mzima, tunakula karibu seti 8 na kidogo. Tunakomanda 9.

Fundi akifanya kazi bila kizuizi anahitaji majuma matatu. Chuma kikikwama, sita. Tumechukua sita, maana hakuna anayejua foleni ya Kasumbalesa itakuwa namna gani. Majuma sita ya mavuno ni magunia 600, yaani seti moja na nusu. Kwa hiyo sheria yetu ni hii, imeandikwa kwa rangi nyekundu ndani ya mlango wa kabati: zikibaki seti mbili, mama wa hazina anapiga simu siku hiyohiyo. Hangoji mkutano. Tulipoteza majuma mengi zamani kwa kungoja mkutano.

Mama wa mahali pengine asichukue hesabu yetu kama ilivyo. Wanaosaga mihogo mikavu watapata namba ingine, na mahindi yenye mchanga, kama yale yanayokaushwa chini bila turubai, yanakula nyundo haraka sana. Chukueni kaye yenu.

Sasa, ubishi ulikuwa mkubwa juu ya pesa. Mama wengine walisema pesa iliyolala kabatini kama chuma haizai, bora izunguke katika likelemba. Walikuwa na haki kwa sehemu. Nyundo 216 zikitengenezwa mara moja, tunafunga pesa nyingi, na tukibadilisha mashini mwaka huu, nyundo zile zinakuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Tulirudi kwa papa fundi na jambo hilo, tukapatana hivi. Komande ni ya mwaka, lakini kazi na malipo ni kwa vipande. Anatupatia seti 3 mwisho wa mwezi wa tatu, 3 mwisho wa mwezi wa tano, 2 mwanzo wa mwezi wa tisa, na 1 mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, mbele ya taabu ya mwisho wa mwaka. Sisi tunatoa avansi ya chuma tu: vyuma bapa sita vya mita 6, ambavyo kila kimoja kinatoa nyundo karibu 39. Avansi hiyo ndiyo pesa ya mwezi wa pili ambayo mama wa Katuba aliiulizia. Kazi ya mikono tunalipa siku ya kupokea kila fungu. Bei imeandikwa kwa dola, na inakaa mwaka mzima. Bei ya chuma ikipanda, atatuonyesha fakture ya duka na tutaongea. Tukitaka kuacha katikati, tunamwambia mwezi mmoja mbele, na chuma tuliyolipia ni chetu.

Bei yenyewe kwa nyundo moja imekuwa chini kuliko ile tuliyolipa tukitoka jasho. Hatutaandika hapa ni kiasi gani, maana gazeti hili linasomwa pia na wenye atelie zingine.

Si kila chuma kinahitaji mpango huu. Rulema, kwa mfano, haikerezwi na fundi wa mtaa. Inauzwa dukani kwa namba. Yetu ni 6206. Papa alitufundisha kwamba namba mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata upana wa tundu lake: 6 mara 5, milimita 30, sawa na mti wetu. (Mama wa hazina amependa hesabu hiyo sana, anaipima kila rulema anayoiona.) Tunaweka rulema mbili tu, zikiwa zimefungwa katika karatasi yake. Mkanda wa mpira tunaweka mmoja, maana mpira unazeeka hata ukikaa. Lakini mti wenyewe ni kinyume. Unaweza kudumu miaka, hautakomandwa kila mwezi, ila siku utakapoharibika hakuna duka linalouuza: lazima ukerezwe, upimwe kwa rulema, uchongewe mahali pa puli. Ndiyo kazi ndefu kuliko zote. Tumetengeneza mmoja wa akiba mwezi wa saba, wakati wa faida nzuri, umepakwa grisi na kufungwa katika nailoni juu ya kabati. Wengine wanauita maiti. Waache wauite.

Juu ya mfano: hakuna tena kupeleka nyundo iliyochakaa. Kijana wa mmoja wetu anayesoma mekanika alichora nyundo, pete na pini kwenye karatasi, na vipimo vyote. Kipimo kikubwa si urefu, ni umbali kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lingine: milimita 120. Tundu lenyewe ni 16.5, na tumeandika mpaka wapi linakubalika: lisipungue 16.3, lisizidi 16.7. Bila kuandika hivyo, fundi anafanya anavyoona, na wewe huna neno la kumwambia. Pamoja na karatasi kuna nyundo moja mpya iliyopakwa rangi ya kijani. Hiyo haifungwi kwenye mashini hata siku moja, hata tukiwa na shida gani. Ni mama wa zingine. Mwaka uliopita nyundo ilizaliwa kwa nyundo mgonjwa, na ugonjwa ukaendelea.

Siku ya kupokea fungu, wamama wawili wanakwenda, si mmoja. Wanachukua pini moja ya kweli na kuipitisha katika kila tundu: ipite bila kulazimishwa, isicheze. Kisha mizani. Nyundo nzima ina karibu gramu 260. Tunazipanga kwa uzito, na zile zinazokaa upande huu wa mti ziwe sawa na zile za upande wa pili zinazotazamana nazo, la sivyo mashini itatetemeka na kuua rulema tena. Tunatumia mizani ndogo ya jikoni ya mama anayeoka keki. Inatosha. Nyundo isiyokubalika inarudi siku hiyohiyo. Fundi wetu hakasiriki, amezoea. Fungu la kwanza alitubadilishia nne.

Kila fungu tunaligonga alama: nukta moja, mbili, tatu. Ikitokea nyundo za nukta mbili zinaisha kwa magunia 250, tutajua si mahindi, ni chuma, na tutakuwa na neno la kuongea.

Kuna jambo moja ambalo hatujalimaliza. Fundi wetu ni mzee, na mwezi wa kumi aliugua majuma mawili. Mpango wote ulikuwa juu ya mutu mmoja. Kiolezo cha kutobolea kiko kwake, lakini tumelipia na jina la umoja limegongwa juu yake. Yeye mwenyewe alitaka hivyo. Mwaka huu tunataka kupeleka seti moja kati ya tisa kwa atelie ya pili, hata kama bei itakuwa juu kidogo, ili mtu mwingine ajue kazi yetu mbele ya siku ya shida. Baadhi ya wamama wanaona ni kumkosea papa heshima. Tulimwuliza. Alisema tumpeleke kwa mwanafunzi wake wa zamani kule Kampemba, yeye mwenyewe atamfundisha nyundo ya kwanza. Mkutano utaamua.

Kwa leo: kabatini kuna seti mbili na nyundo saba, mti mmoja, rulema mbili, mkanda mmoja. Avansi ya chuma imetolewa na risiti iko katika kaye ya hazina, ukurasa wa mwisho, kila mwanamemba anaweza kuisoma. Fungu la kwanza linapokelewa mwisho wa mwezi wa tatu. Tunatafuta mama mmoja wa kwenda na mama wa hazina siku hiyo, awe na macho mazuri na asiyeona haya kukataa. Mama wa Katuba, tumekufikiria wewe.